Mafuta Endelevu ya Ndege Kutoka Kanda ya Kati: Ulinganisho wa Njia Nne za Malighafi

Anayetaka kuingia katika biashara ya malighafi ya mafuta endelevu ya ndege, yaani yasiyotokana na petroli, akiwa Dodoma au Singida ana njia nne za kuchagua, na kila njia ina wapiga debe wake. Wapo wanaosema mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, pamoja na mafuta ya wanyama kutoka machinjioni, ndiyo yanayotafutwa zaidi na wanunuzi. Wapo wanaopendekeza nyonyo au mbono (jatropha), kwa kuwa mimea hiyo inavumilia ukame na mbegu zake haziliwi. Wengine wanaelekeza macho kwenye mabua ya mtama na maganda ya alizeti na karanga, na wengine kwenye ethanoli ya molasi, mtama au muhogo. Zote nne zinaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya ndege yanayokubalika kimataifa, kwa sababu kiwango cha ubora wa mafuta ya ndege cha ASTM D7566, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, kina viambatisho vinavyoruhusu teknolojia za kila kundi. Kisichojulikana bado kwa mtu anayeamua leo ni ipi kati ya hizo inaweza kusimama katika ardhi, barabara na masoko ya huku kwetu, na nani atabeba hasara ikianguka.

Soko lenyewe limeletwa na sheria kuliko mapenzi ya wasafiri. Tangu mwaka 2025 wauzaji wa mafuta ya ndege katika viwanja vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuchanganya angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu, kiwango kitakachopanda hadi asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na asilimia 2 mwaka 2025 na inalenga asilimia 10 ifikapo 2030. Juu ya hayo upo CORSIA, mpango wa kufidia na kupunguza hewa ukaa ya safari za ndege za kimataifa wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambao awamu yake ya lazima inaanza mwaka 2027, ingawa nchi zilizo katika kundi la maendeleo duni zimesamehewa zisipojitolea. Uzalishaji uko nyuma sana ya mahitaji hayo: kwa hesabu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, dunia nzima ilizalisha takriban tani milioni 1 mwaka 2024, sawa na asilimia 0.3 ya mafuta ya ndege yaliyotumika mwaka huo, kwa bei ambayo kwa kawaida ni mara mbili hadi tano ya mafuta ya kawaida.

Hata hivyo, msomaji wa Kanda ya Kati asijidanganye kuhusu mahali mnyororo huu unapoishia. Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta kinachofanya kazi. TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa ikisafisha zamani, sasa ni hifadhi ya mafuta yaliyoagizwa. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linapita Singida na Dodoma, lakini limekusudiwa kwa ajili ya mafuta ghafi ya kuuza nje, kwa hiyo halibadilishi chochote katika mada hii. Kwa miaka michache ijayo, kitakachoondoka Dodoma ni mafuta yaliyokusanywa au kukamuliwa, au spiriti, yakielekea bandarini. Mfano wa karibu uko Makueni, Kenya, ambako kampuni ya Eni ilifungua kituo cha kukamulia mbegu mwaka 2022 na kuanza kusafirisha mafuta hadi kiwanda chake cha Gela, Sicily. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha ndege kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta endelevu yaliyotolewa na kampuni hiyohiyo. Anayeambiwa kuwa kiwanda kamili kitajengwa Bahi mwakani aulize kwanza haidrojeni ya kusafishia mafuta hayo itatoka wapi.

Vigezo vya ulinganisho

Nimetumia vigezo vitano. Cha kwanza ni kuwepo kwa malighafi baada ya kuondoa matumizi ambayo watu tayari wanayo. Cha pili ni ukusanyaji na usafirishaji hadi Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450 kwa barabara. Cha tatu ni kiwanda kinachohitajika na ukomavu wa teknolojia yake. Cha nne ni vyeti, maana katika biashara hii tani isiyo na karatasi haina bei ya mafuta endelevu. Cha tano ni mnunuzi wa pili, yaani kiwanda au mtu atakayechukua malighafi hiyohiyo siku mnunuzi wa mafuta ya ndege akikunja virago.

Kigezo hicho cha tano nimekipa uzito kuliko vingine, na asiyekubaliana nami anaweza kupanga upya. Sababu yangu iko kwenye historia ya eneo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka nyika ya Kongwa ili ilime karanga za kukamua. Mpango mzima, ukijumuisha Urambo na Nachingwea, ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni 3; ulizikwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua hazikufuata ratiba ya London, na alizeti iliyopandwa baadaye kuokoa jahazi nayo ikaungua kwa ukame.

Miaka ya 2000 ikaja zamu ya mbono. Tarehe 30 Desemba 2008 Air New Zealand ilifanya safari ya majaribio ya Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mchanganyiko wenye nusu ya mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu zake ilitoka Tanzania. Mafuta yaliruka vizuri. Mashamba makubwa ya mbono ya Kisarawe na Kilwa, kwa upande mwingine, yalikuwa yamesimama kufikia mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki bila ardhi waliyoitoa na bila ajira walizoahidiwa. Kufaulu kwa maabara na kufaulu kwa biashara ni mambo mawili, na mkulima aliyekuwa na gunia la mbegu za mbono mwaka huo hakuwa na mahali pengine pa kulipeleka.

Alizeti sikuiweka kwenye orodha, japo ndilo zao linalotajwa haraka zaidi Singida na Dodoma. Nchi inaagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na sheria ya Umoja wa Ulaya haihesabu mafuta ya ndege yanayotokana na mazao ya chakula katika kiwango cha lazima. Mkamuaji wa Singida ana soko bora la alizeti mlangoni kwake.

Malighafi: iliyopo na inayodhaniwa ipo

Mafuta yaliyotumika yanaonekana kuwa mengi kwa sababu kila mtaa una kikaango. Lakini simama jioni kwenye kibanda cha chipsi chochote cha Dodoma uangalie kinachofanyika: mafuta yakipungua, muuzaji anafungua dumu na kuongeza mapya juu ya yale meusi, kisha kazi inaendelea. Hayamwagwi, yanaliwa pamoja na chipsi. Mafuta yanayotolewa kwenye vikaango vya hoteli kubwa nayo mara nyingi hayafiki kwenye mtaro, kwa kuwa kuna mkaangaji mdogo anayeyanunua kwa bei ya chini. Kwa hiyo anayetaka kukusanya hashindani na jaa la taka, anashindana na sufuria ya jirani, na hilo kwa maoni yangu ni hoja ya kumuunga mkono, kwani kila dumu linalotoka kwenye mzunguko huo ni nafuu kwa afya ya mlaji. Tatizo ni wingi. Boeing 787-8 ina matangi ya takriban lita 126,000. Kujaza nusu ya matangi hayo kwa mafuta endelevu, mara moja tu, kunahitaji karibu tani 48 za mafuta hayo, na kwa kuwa inachukua takriban tani 1.2 za mafuta ya mimea au wanyama kupata tani moja ya bidhaa, ambayo kwa kweli sehemu yake hutoka kama dizeli na gesi, tunazungumzia tani 57 kwa uchache. Kibanda kinachotoa lita 10 kwa wiki kitatoa lita 520 kwa mwaka. Utahitaji vibanda 120 hivi kwa mwaka mzima kwa ajili ya nusu tangi ya safari moja.

Mafuta ya wanyama yanaongeza kiasi fulani, kwa sababu Dodoma na Singida ni mikoa ya ng'ombe na mji wa Dodoma una machinjio ya kisasa pale Kizota. Ila ng'ombe wetu wa asili, anayetembea kutwa akitafuta malisho, hana mafuta mengi ya ziada, na kidogo alichonacho huuzwa pamoja na nyama.

Nyonyo ipo. Inaota kandokando ya mashamba, nyuma ya nyumba na kwenye magofu ya mazizi, na katika mvua ya milimita 500 hadi 600 inayonyesha kuanzia Desemba hadi Aprili inatoa kitu hata mwaka ambao mahindi yamekauka. Mbegu zake zina mafuta karibu asilimia 45 hadi 50. Hata hivyo kuota na kuzaa kibiashara ni vitu tofauti. Tukichukulia mavuno ya kilo 200 kwa ekari na mashine inayotoa mafuta asilimia 40 ya uzito wa mbegu, zile tani 57 zinahitaji tani 142 za mbegu, yaani zaidi ya ekari 700. Mbono inafanana na nyonyo kwa kutoliwa, lakini mbegu zake zina mafuta machache zaidi, na ule uvumilivu wake wa ukame ulitafsiriwa vibaya tangu mwanzo: mti haufi kwa ukame, lakini hauzai vya kutosha.

Mabaki ya mazao yanahitaji swali moja tu: ni mabaki kwa nani? Baada ya mavuno, mabua ya mtama na uwele Chamwino au Bahi ni malisho ya mifugo hadi mvua zirudi, na yanayobaki yanawashwa jikoni au yanarudi udongoni. Maganda ya alizeti tayari yanachomwa kwenye matanuri ya viwanda vya kukamua. Kinachobaki bila mwenyewe kinaweza kuwepo, hasa maganda yaliyorundikana kwenye mashine ndogo wakati wa msimu, lakini mtu asikadirie kwa kuzidisha ekari za mkoa na tani za mabua.

Kuhusu ethanoli, malighafi ya uhakika ni molasi, nayo iko kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, mkoani Morogoro. Mtama wa Dodoma ni chakula, na mkoa huu una miaka ambayo hauna wa kutosha.

Ukusanyaji na usafirishaji

Mafuta yaliyotumika yanakusanywa kwa bajaji na madumu ya lita 20, yanachujwa kwa kitambaa na wavu, yanaachwa yatuame ili maji na makombo yashuke, kisha yanahamishiwa kwenye mapipa na hatimaye kwenye kontena. Mtaji wa kuanzia ni mdogo kuliko njia nyingine yoyote hapa. Gharama inajificha kwenye mzunguko wa kila wiki, kwa sababu lita tano zilizoko Nkuhungu na lita saba zilizoko Ilazo zinaweza kula petroli yenye thamani kuliko mafuta yenyewe.

Nyonyo inakusanywa kwa njia ambazo mkulima anazijua: magunia, mizani, ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS). Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwa ufuta na mbaazi, ungeweza kuibeba bila kubuni kitu kipya, na ungepunguza lumbesa. Ugumu wake uko shambani. Vichane haviivi kwa pamoja, kwa hiyo mvunaji anarudi mara kadhaa. Aina za asili hupasua maganda na kurusha mbegu zikichelewa. Na kupukuchua kwa mkono kunakula siku za mama na watoto. Hilo la watoto nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa mbegu za nyonyo zina sumu ya risini, na mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Mabaki yanashindwa hapa kuliko mahali pengine popote. Lori la mabua limebeba hewa zaidi kuliko mzigo, na bila kuyafunga kwa mashine au kuyashindilia kuwa vitofali karibu na shamba, kila kilomita ni hasara. Ethanoli ni rahisi kusafirisha ikishatengenezwa, ila ni kimiminika kinachowaka kwa urahisi na kinasimamiwa kwa vibali vyake.

Kiwanda na teknolojia

Mafuta yaliyotumika, mafuta ya wanyama, nyonyo na mbono yote yanaingia kwenye aina moja ya kiwanda, kile kinachosafisha mafuta kwa haidrojeni kwa njia ijulikanayo kama HEFA. Ndiyo njia iliyokomaa zaidi duniani, imeidhinishwa tangu 2011, na bidhaa yake inaruhusiwa kuchanganywa na mafuta ya kawaida hadi asilimia 50. Faida kwa mkusanyaji wa hapa ni kwamba mnunuzi mmoja anaweza kuchukua zaidi ya aina moja ya mafuta. Nyonyo ina kasoro yake ya kikemia: asidi yake kuu ina oksijeni ya ziada, kwa hiyo inahitaji haidrojeni zaidi, na uzito wake wa kunata unasumbua pampu, jambo linalowafanya wasafishaji waichanganye na mafuta mengine badala ya kuitumia peke yake.

Upande wa kukamua, jambo moja lisipuuzwe na wenye mashine za alizeti. Mashine iliyokamua nyonyo isirudishwe kwenye alizeti ya kula kana kwamba imefutwa vumbi tu. Mashudu yanayobaki kwenye skrubu na kwenye chujio yana sumu, na mashudu ya nyonyo hayafai kulisha ng'ombe wala kuku. Yanafaa kuwa mbolea. Mwenye mashine moja achague zao moja, na mwenye uwezo wa kununua ya pili aiweke kwenye jengo jingine lenye mizani na magunia yake.

Mabaki yanahitaji kugeuzwa gesi kisha kuundwa upya kuwa mafuta kwa njia ya Fischer-Tropsch. Kwenye karatasi ni njia safi sana, lakini viwanda vyake ni vya mtaji mkubwa na vigumu kuendesha: kile cha Fulcrum huko Nevada, Marekani, kilichotumia takataka za mijini, kilisimama mwaka 2024 na kampuni ikaomba kulindwa dhidi ya wadai wake. Ethanoli iko katikati. Kiwanda cha LanzaJet huko Soperton, Georgia, kilizinduliwa Januari 2024 kikiwa cha kwanza cha kibiashara cha kugeuza ethanoli kuwa mafuta ya ndege. Inachukua zaidi ya lita moja na nusu ya ethanoli kupata lita moja ya mafuta ya ndege.

Vyeti na ufuatiliaji

Chini ya CORSIA, mafuta ya kawaida ya ndege yanahesabiwa kutoa gramu 89 za hewa ukaa kwa kila megajuli katika mzunguko wake wote, na mafuta endelevu yanatakiwa kupunguza angalau asilimia 10 ya hizo. Mafuta ya kupikia yaliyotumika yamepewa gramu 13.9, mafuta ya wanyama 22.5, na mabaki ya mazao kwa njia ya Fischer-Tropsch 7.7. Mbono ni takriban 47 kabla ya kuhesabu mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Kwa hiyo, kwa kigezo cha hewa peke yake, mabaki yanaongoza na mazao ya shambani yanabaki nyuma.

Ugumu wa kupata cheti hauendi sambamba na namba hizo. Vyeti vya ISCC au RSB, mifumo ya kimataifa ya uthibitishaji inayotambuliwa na CORSIA, vinadai kujua kila tani ilikotoka. Kwa mafuta yaliyotumika, mkaguzi atataka orodha ya mama lishe na hoteli, tarehe na kiasi kilichochukuliwa kila sehemu, kwa sababu biashara hiyo duniani imetiwa doa na watu wanaouza mafuta mapya ya mawese kwa jina la yaliyotumika. Daftari la mkononi lenye saini za wauzaji, likitunzwa tangu siku ya kwanza, lina thamani kuliko pipa la ziada.

Kwa nyonyo, swali kubwa ni ardhi. CORSIA inakataa malighafi kutoka ardhi iliyobadilishwa baada ya tarehe 1 Januari 2008 ikiwa awali ilikuwa msitu wa asili, ardhi oevu au ardhi ya mboji. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliongeza kwenye orodha yake mazao yasiyo ya chakula yanayolimwa kwenye ardhi iliyoharibika vibaya, pamoja na mazao yanayopandwa kati ya misimu miwili ya zao kuu. Hilo la pili halitusaidii sana, kwani msimu wetu wa mvua ni mmoja. La kwanza litawavutia wengi, na macho yataelekea Kondoa, kwenye makorongo ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza kuyashughulikia mwaka 1973 hadi kufikia hatua ya kuondoa mifugo mwaka 1979. Ardhi ile ilirudishiwa uoto kwa gharama kubwa kwa wenyeji. Kuipanda nyonyo kwenye matuta bila kulima ni jambo linaloweza kujadiliwa. Kuilima upya kwa trekta ili ipate sifa ya kuwa "ardhi iliyoharibika" itakuwa kichekesho.

Ethanoli ya molasi ina urahisi mmoja, kwamba chanzo chake ni viwanda vichache vyenye vitabu vya hesabu.

Mnunuzi wa pili

Mafuta yaliyotumika yana watengeneza sabuni na dizeli ya mimea, na hata bei ya ndani ikiwa ndogo, mzigo hautaoza. Nyonyo ina mnunuzi wa pili mwenye nguvu zaidi: mafuta yake hutumika kwenye vilainishi, vipodozi, dawa, rangi na aina fulani za nailoni, na India, hasa Gujarat, ndiyo inayotawala biashara hiyo duniani. Kwa kweli kuna nyakati ambazo soko hilo hulipa kuliko la ndege, na mkulima mwenye akili atauza huko. Mbono haina mnunuzi kama huyo, na hapo ndipo ndugu hao wawili wanapotengana kabisa.

Mabaki, ambayo kwenye kiwanda na usafiri yalionekana kuwa ya mwisho, hapa yanapanda. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Shule, vyuo na magereza ya Dodoma yanahitaji kitu cha kuchoma leo, na mkaa mbadala wa maganda ya karanga au alizeti unauzika bila cheti cha Ulaya. Mkakati huohuo unaipa ethanoli soko la majiko ya nyumbani, na viwanda vya vinywaji vikali havijawahi kukosa kiu.

Kuchagua kwa hali yako

Kikundi cha vijana mjini Dodoma chenye mtaji wa bajaji moja na mapipa kadhaa kitaona mafuta yaliyotumika yanafaa kuliko yote, mradi kianze na wateja wachache wakubwa, kama hoteli na migahawa ya vyuo na ofisi, kabla ya kufukuzia vibanda vya mitaani, na kiuze kwa watengeneza sabuni huku kikijenga daftari la vyanzo. Kijiunge na wakusanyaji wa Singida na Morogoro mapema, kwa kuwa kontena moja linajaa polepole mno kwa mji mmoja.

Wakulima wa Chemba, Mpwapwa au Kondoa wenye mashamba madogo wana sababu ya kuijaribu nyonyo, lakini mipakani, kwenye matuta na kwenye sehemu ambazo mtama haufanyi vizuri, bila kuondoa chakula. Wenye mifugo inayolala karibu na nyumba, au watoto wadogo wengi, wapime mara mbili. Mbono wasiiguse hadi mtu awaoneshe mnunuzi asiyehusika na ndege.

Mmiliki wa mashine ya alizeti anayekaa bila kazi miezi kadhaa kwa mwaka atavutiwa na nyonyo kama njia ya kujaza msimu. Hesabu yake ijumuishe mashine ya pili na jengo la pili. Hesabu isipolipa, abaki na alizeti, na maganda yake ayauze kwa watengeneza mkaa mbadala.

Halmashauri haihitaji kuwa mfanyabiashara. Inaweza kutunga sheria ndogo inayozuia mafuta yaliyotumika kurudi kwenye kaango, ikatoa leseni kwa wakusanyaji, na ikapima mabaki ya mazao msimu hadi msimu kabla ya kumwalika mwekezaji yeyote. Ombi la maelfu ya ekari za kijiji kwa ajili ya mafuta ya ndege lisomwe pamoja na mwongozo wa nishati za mimea wa mwaka 2010, uliotokana na vurugu za mbono.

Mwekezaji mwenye fedha za kiwanda, na anayeweza kusubiri miaka mingi, ataona ethanoli ya molasi Morogoro ina mpangilio zaidi kuliko chochote kilichoko Dodoma kwa sasa. Mabaki ya Kanda ya Kati ayafuatilie kwanza kama biashara ya nishati ya kupikia.

Na kwa AMCOS ambayo tayari imeletewa mkataba mezani, mambo ya kutazama ni manne: bei inafuata kipimo gani, nani analipia cheti na ukaguzi wa kila mwaka, nini kinatokea mwaka wa ukame mkulima asipotimiza kiasi, na kama mwanachama anaruhusiwa kuuza kwa mwingine bei ikishuka. Mkataba unaomfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja bila bei ya chini iliyoandikwa usitiwe saini, hata kama mbegu zinagawiwa bure.